Unatoka jeshini kabla ya miaka 20? Soma hii kwanza

Wadogo zangu mlioko kwenye jeshi la Marekani, nawapenda ila mnanichosha. Kila ETS (tarehe za kumaliza mkataba) zikikaribia simu ni zile zile, "kaka, natoka mwezi ujao, kuna kitu natakiwa kufanya?" Mwezi ujao! TAP (mafunzo ya kujiandaa kutoka jeshini) inatakiwa uianze angalau mwaka mmoja kabla, na klemu ya VA (madai ya fidia ya ulemavu kwa idara ya maveterani) unaruhusiwa kuifungua ukiwa bado na magwanda, kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka. Ukibakiwa na mwezi mmoja dirisha hilo limeshafungwa.

Anayetoka simlaumu, miaka 20 sio mchezo na kila mtu ana nyumba yake. Ila jueni pensheni ya kila mwezi haikatwi vipande, ni miaka 20 au hakuna; ukiondoa wanaostaafishwa kwa ugonjwa na wengine wachache, anayetoka na miaka 4 na anayetoka na 15 wote hawaioni. Kwa hiyo vilivyobaki vibebe vyote.

1. Mwili ukiuma nenda kwa daktari wa kambi, leo.

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo mnapoumia wengi. Kuna jamaa yangu tulilala hanga moja, mtoto wa Tanga, infantri (askari wa miguu), ameniruhusu nimtaje bila jina. Tulikuwa kwenye machi ya usiku na mizigo mgongoni, akateleza kwenye mtaro, goti likavimba mpaka suruali ikambana. Sajenti akamuuliza uko sawa, akajibu niko sawa. Si mnajua tulivyolelewa, mwanaume halii, halafu ukiwa na lafudhi yako unaogopa waseme huyu mgeni mvivu. Basi akawa anameza vidonge vya maumivu tunavyompa sisi, anashuka ngazi kiupande ameshika ukuta, na hakuna daktari aliyeandika hata mstari mmoja. Kwenye uchunguzi wa mwisho akajaza hapana, hapana, hapana fomu nzima kwa sababu alitaka tu kwenda nyumbani. Akapata kazi ghalani, kusimama shifti nzima, goti likagoma kabisa, kazi ikaisha, mkewe akabeba nyumba peke yake kwa shifti za usiku za kuhudumia wazee. Alipokuja kufungua klemu, VA wakataka vitu vitatu: tatizo ulilonalo sasa, tukio la jeshini, na maelezo ya kitabibu yanayounganisha hivyo viwili. Alikuwa na cha kwanza tu. Akakataliwa. Tuliokuwa naye usiku ule tukamwandikia ushahidi, daktari akaandika wake, mwisho wakakubali, lakini malipo yakahesabiwa kuanzia tarehe ya klemu. Angeifungua ndani ya mwaka mmoja wa kutoka, yangehesabiwa kuanzia siku iliyofuata baada ya kutoka. Miaka ya katikati ile ilipotea hivyo hivyo, na ile ndiyo miaka ambayo mkewe alikuwa halali usiku. Mkijaza zile hapana zenu mfikirieni huyo mama.

Msaada wa klemu ni bure kwa VSO (mashirika ya kusaidia maveterani) walioidhinishwa, usimlipe mtu anayekuahidi asilimia kubwa ya ulemavu.

2. TSP (akaunti yako ya akiba ya uzeeni) iache ilale. Kama uko kwenye BRS (mfumo mpya wa pensheni ya jeshi) na umepita miaka 2, ile 1% ya mshahara inayowekwa na serikali ni yako, na ukichangia 5% wanaweka 5%, ukijumlisha na hiyo 1%. Najua kuna kiwanja Kibaha au nyumba ya mama, nyumbani wanajua una hela. Ukiitoa ukiwa kijana wanazuia 20% ya kodi papo hapo, halafu kuna adhabu ya 10% juu yake.

3. GI Bill (msaada wa kulipia masomo): miezi 36 ya aktivu, yaani utumishi wa muda wote, inakupa asilimia 100 ya msaada. Kumhamishia mke au mtoto kunafanyika ukiwa bado ndani, uwe na miaka 6 na ukubali mingine 4. Ukishatoka huwezi tena.

4. Kabla ya kufunga mlango ongea na Gadi au Rizavu (majeshi ya muda, ya wikiendi). Mkataba wako wa kwanza kwa kawaida ni miaka 8 jumla, kwa hiyo ukitoka mapema bado uko IRR (orodha ya akiba ya wanaoweza kuitwa tena) kimya kimya. Wikiendi moja kwa mwezi na zile wiki mbili za mwaka zinavuka pointi 50, mwaka unahesabika, ukifikisha miaka 20 pensheni inaanza ukiwa na miaka 60. Mwenye 9 ya aktivu amebakiza 11 tu! Na ukiajiriwa serikali kuu, lipia miaka yako ya jeshi iingie kwenye pensheni ya huko, wengi wetu ni 3% ya mshahara wa msingi wa wakati ule, fanya miaka miwili ya mwanzo kabla riba haijaanza.

5. Soma DD-214 (cheti chako cha kutoka jeshini) mstari kwa mstari kabla ya kusaini. SGLI, bima ya maisha ya jeshini, inakulinda siku 120 tu baada ya kutoka, kuingia VGLI, bima ya maisha ya maveterani, bila maswali ya afya una siku 240. Na mliopata uraia kupitia jeshi, ukitolewa kwa sifa mbaya kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi mwema uraia wenyewe unaweza kufutwa, kwa hiyo ule ugomvi na sajenti wako wiki za mwisho, mezea.