Majani ya Kunde Yaliyopauka

Swali: Niliyaanika majani ya kunde juani yawe akiba ya kiangazi, lakini yamepauka na mengine yameota ukungu. Nimekosea wapi? Msomaji, Dodoma.

Jibu: Ndugu msomaji, yaliyoota ukungu yatupe, kwani sumu ya ukungu haiondoki kwa kupikwa. Msimu ujao, yaoshe majani, yatumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3, yachuje, kisha yatandaze kwa tabaka jembamba juu ya wavu safi, kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali hufifisha rangi na kuharibu vitamini A. Yakivunjika mkononi kama majani ya chai, yafungie katika chombo kisichopitisha hewa. Wengi huharakisha hapo, nao unyevu uliobaki huzaa ukungu.