Vidole vikiamka vigumu, usiishie kuchua

Mwanzo nilidhani ni ukili. Nasuka mikeka tangu utotoni, hapa Wete, na msukaji kuumwa vidole si jambo geni. Lakini machofu ya kazi hutulia ukilala. Yangu yalikuwa yakiamka na mimi. Alfajiri mikono yote miwili imevimba sawasawa, bomba la kutilia udhu silifungui mpaka nitumie kiwiko. Jua likipanda ndipo vidole vinalegea.

Mama akasema, "Mwanangu, hiyo baridi yabisi, umezidi kushinda majini." Nikachuliwa mafuta ya makonyo, nikapigwa chuku. Zahanati moja ikanidunga sindano za maumivu mwaka mzima bila kunipima damu.

Jina mama alilipatia. Maji ndiyo hayana kosa. Nilipovuka kwenda Unguja daktari alinibonyeza vifundo kimoja kimoja, vikabonyea kama ndizi iliyoiva. Akaniambia hapo ninaposikia ulaini ni utando wa ndani ya kiungo, ule unaotoa ute wa kukilainisha. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inaushambulia. Utando unavimba, unanenepa, unatambaa juu ya gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, na kuitafuna pamoja na mfupa. Kano nazo hulegea, ndiyo maana vidole huishia kulala upande. Gegedu iliyokwisha liwa hairudi. Sindano zangu zilinyamazisha maumivu tu, ulaji ukaendelea.

Kwa hiyo dada yangu, maana sisi wanawake ndio tunaoupata zaidi, ukiona viungo vidogo vimevimba mikono yote miwili, na ugumu wa asubuhi unapita nusu saa, wiki baada ya wiki, nenda hospitali vikiwa bado vimenyooka. Omba vipimo vya damu. Hata vikitoka safi usirudi nyumbani ukanyamaza, ugonjwa huweza kuwepo vilevile.

Ukiandikiwa methotrexate, dawa ya kuituliza hiyo kinga, ni mara moja kwa wiki. Mimi nameza Ijumaa. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Una mimba au unaitafuta? Mwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza. Na usiiache kwa kuwa wiki ya pili huoni kitu; mimi nilikaa karibu miezi miwili ndipo nikakunja ngumi.

Sasa nasuka tena, ila kidole cha shahada kilishawahiwa. Nikikaa tahiyatu hakinyooki.