Maswali ya Wasomaji: Jina kwa Jina Kabla ya Kung'oa Nanga

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wasomaji wetu wa kanda ya kati wanakwenda baharini kama wanaokwenda Chamwino. Barua zinaonyesha hivyo. Mwezi huu tumechagua tano zinazogusa jambo moja: boti ya wazamiaji inajuaje kwamba kila aliyeingia majini ametoka?

Tuko sita wa ofisi moja, tumelipia kozi ya kuzamia Nungwi, Zanzibar, mwezi Oktoba. Mwenzetu katuonyesha habari ya watu walioachwa baharini Australia na boti ikaondoka. Sasa nyumbani hawataki twende. Ni kweli mambo hayo hutokea? Na sisi wa bara tutajuaje kama boti inahesabu watu vizuri? (Msomaji, Area C, Dodoma)

Ni kweli. Tarehe 25 Januari 1998 mke na mume, Wamarekani, walizamia kwenye mwamba wa St Crispin, jimbo la Queensland. Boti ilikuwa na abiria 26. Ilirudi bandarini na 24, na hakuna aliyegundua mpaka siku mbili baadaye, pale mabaharia walipotambua kwamba begi lililobaki botini lilikuwa na vitu vyao. Miili yao haikupatikana. Baada ya hapo Queensland ilikaza kanuni za kuhesabu watu.

Tukio la California la mwaka 2004 husimuliwa mara chache, na sisi linatutisha zaidi. Mzamiaji alitengana na kundi, akaibukia mbali na boti. Orodha ilikuwepo, kalamu ilikuwepo, na jina lake liliwekwa alama kwamba yupo. Boti ikahamia eneo la pili, na huko pia karatasi ikaonyesha kwamba amezamia. Yeye alikuwa anaelea kwenye ukungu, akaokotwa saa kadhaa baadaye na meli ya matanga iliyokuwa na vijana wa skauti. Kwa hiyo msiridhike kwa kuona karatasi botini. Angalieni inavyojazwa.

Mkifika Nungwi muulizeni kiongozi wa wazamiaji swali moja kabla ya kupanda: ni nani, kwa jina, anayehesabu leo? Jibu zuri ni mtu mmoja, na umwone amesimama pale. Mkiambiwa "sote tunaangalia", hapo hakuna anayeangalia. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kisha muulizeni nahodha anaruhusiwa kuwasha injini lini. Anatakiwa aseme: baada ya kupewa neno na huyo anayehesabu.

Jambo jingine mtaliona kwa macho tu. Kwenye boti nyingi ndala zote hutupwa kwenye kreti moja wakati wa kupanda, maana sitaha haitaki mchanga. Safari ikiisha, kreti lazima libaki tupu. Jozi moja ikibaki, mtu aulizwe papo hapo ni ya nani, asiseme "mwenyewe atairudia kesho".

Mimi ni mzaliwa wa Kondoa, najifunza ubaharia kwenye boti ya wazamiaji Mafia. Bosi anasema kuhesabu vichwa kunatosha maana wageni hawazidi 12. Naomba utaratibu kamili, hatua kwa hatua. (Baharia mwanafunzi, Kilindoni)

Ndugu yetu, bosi wako ana haki ya kuamini kwamba 12 ni wachache. Ila vichwa havikai kimya. Unapohesabu, mmoja yuko chooni, mwingine kajilaza omoni, kule mbele ya boti, wawili wamejirusha tena majini kupoa. Umefika tisa, mtu anakuuliza maji ya kunywa yako wapi, unaanza upya kuanzia nane. Boti mbili zikifunga karibu, kama siku za wageni wengi ndani ya Ghuba ya Chole, mgeni wa jirani anapanda kwenu kuomba mkanda wa maski na wewe unamhesabu. Halafu kuna lile la mabaharia wenyewe: asubuhi ulihesabu pamoja na wafanyakazi, mchana umehesabu bila wao, na hakuna aliyeandika tofauti. Namba inaweza kutimia na mtu bado yuko majini.

Kwa hiyo tumia njia mbili zisizotegemeana: jina na kibao.

Jina huandikwa kabla ya kuondoka ufukweni, kwa penseli, kwenye karatasi isiyolowa maji iliyobanwa kwenye ubao. Kalamu ya wino isahau. Safu zinazohitajika ni namba, jina, mwenzake wa kuzamia, baa za mtungi (kipimo cha shinikizo la hewa) akiingia, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kina alichofika, baa alizobakiza, na sahihi yake mwenyewe. Wafanyakazi wanaoingia majini nao waandikwe. Kiongozi anayeongoza kundi ndiye husahaulika kirahisi kwa sababu kila mtu anadhani yeye ndiye mhesabuji. Nakala moja ibaki nchi kavu kwa mtu mwenye simu iliyochajiwa, ikiwa na saa mtakayorudi na maagizo kwamba mkichelewa dakika 30 bila taarifa aanze kupiga.

Kibao ni kipande cha plastiki ngumu chenye namba na kishikizo. Vyote vinaning'inia kwenye ubao karibu na ngazi. Mzamiaji akishuka anachukua chake na kukibana kwenye jaketi lake la kuelea, akipanda anakirudisha kwa mkono wake. Ubao wenye nafasi tupu unaonekana hata ukiwa umesimama kwenye usukani. Kibao nacho kina udhaifu wake: rafiki anamrudishia mwenzake "kumsaidia", au kinabaki kwenye jaketi lililokwisha kutupwa kwenye rundo. Cha kwanza ni hatari. Cha pili ni usumbufu tu, lakini kikitokea kila siku mabaharia wanazoea nafasi tupu na kuacha kuishtukia. Ndiyo maana kibao hakichukui nafasi ya kuita majina.

Sasa kuita. Injini imezimwa, hakuna anayeruhusiwa kuingia majini, muziki umezimwa. Mhesabuji anasoma jina, mwenyewe anaitika, na mhesabuji anamwangalia usoni kabla ya kuweka alama. Uso kwanza, alama baadaye. "Yupo huyo, anabadilisha nguo" si jibu, msubiri atoke. Ukimaliza, baharia wa pili anahesabu vichwa bila kuambiwa namba uliyopata. Mkipishana, mnarudia wote wawili tangu jina la kwanza. Mkilingana, na ubao wa vibao umejaa, unamwambia nahodha kwa sauti: "Kumi na wawili wageni, wawili wetu, jumla kumi na wanne." Nahodha anarudia namba hiyo, anaweka sahihi, ndipo nanga inang'olewa. Boti nyingine hufunga ufunguo wa injini kwenye ubao wa orodha kwa kamba fupi. Ni ujanja mdogo tunaoupenda, kwa sababu nahodha hawezi kuwasha bila kuishika karatasi.

Mnaita kila mara chombo kinapohama: kuondoka ufukweni, baada ya kila mbizi, kabla ya kwenda eneo la pili hata kama ni mita 300 tu, na mnaposhusha wageni. Kwa watu 14 kazi hiyo haimalizi dakika tatu.

Asipoonekana mtu, usikimbilie kuwasha. Andika saa. Weka alama ya mahali kwenye GPS na uteremshe boya lenye uzito chini yake, maana mkianza kuzunguka hamtajua tena mlipokuwa. Mtu mmoja apande juu na darubini kuangalia upande mkondo unakoelekea, mwingine aangalie mapovu. Rafadha isizunguke wakati kuna mzamiaji chini ya boti.

Halafu piga hesabu ya hewa. Mtungi wa lita 12 wenye baa 200 una lita 2,400. Anayepumua lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia lita 40 akiwa mita 10 na lita 60 akiwa mita 20. Ukimwachia baa 50 za akiba, anabaki na lita 1,800: dakika 45 kwa mita 10, dakika 30 kwa mita 20. Hata akila akiba yote, kwa mita 10 saa moja inatosha kuumaliza mtungi. Muda huo ukipita, aliye salama yuko juu ya maji, na yuko mbali. Mkondo wa noti moja, kipimo cha mwendo wa baharini, unamsogeza kilomita 1.85 kwa saa, yaani kama mita 600 kwa dakika 20. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mkondo huwa mkali zaidi. Msaada uitwe mapema kwa redio chaneli 16, na anayebaki nchi kavu apige 112. Kuita msaada kisha mtu akaibuka anacheka ni aibu ya dakika tano.

Mwonyeshe bosi hesabu hiyo ya mtungi. Huenda ikamwingia kuliko maneno yetu.

Nawapeleka wanafunzi 34 wa kidato cha sita Zanzibar. Hawatazamia, wataogelea na maski tu juu ya matumbawe, kwa boti mbili. Nao wanahitaji haya yote? (Mwalimu, Manyoni)

Wanahitaji, tena wao ni wagumu zaidi, kwa sababu mwogeleaji wa maski hana muda wa hewa unaomrudisha na anaweza kuhama boti apendavyo. Mwalimu, wewe unamjua yule anayeitikia "Nipo!" kwa niaba ya mwenzake wakati wa mahudhurio. Baharini naye atakuwepo. Ukiita jina, mwenyewe asimame.

Kila boti iwe na orodha yake ya 17 na utepe wa rangi yake mkononi. Kubadilisha boti katikati ya safari ni marufuku, hata kwa sababu ya rafiki. Wapange jozi, kila mmoja ajue anayemjibia. Yule wa kumi na saba aungane na jozi moja wawe watatu. Maboya ya kuvaa yahesabiwe yakitoka na yakirudi, ila 17 yaliyorudi yanakueleza habari ya maboya tu. Na kabla ya kulipa, omba kuona cheti cha boti chenye idadi ya abiria inayoruhusiwa. Zanzibar vyombo viko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini, ZMA. Upande wa Bara ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC.

Itokee wameniacha kweli. Nifanye nini? (Dada wa Mpwapwa)

Jaza hewa jaketi lako, na kama bado unazama, dondosha mkanda wa vipande vya madini ya risasi uliovaa ili uzame. Usikimbize boti kwa kuogelea. Utachoka ndani ya dakika kumi na mkondo utakurudisha pale pale. Kama mko wawili, jifungeni pamoja kwa kamba ya boya, mkiangaliana. Maski na nguo ya kuzamia usivue: maji ya nyuzi 27 nayo hupoza mwili kwa saa nyingi.

Kichwa peke yake kwenye mawimbi hakionekani ukiwa mita mia chache tu. Boya refu la kujaza hewa, la rangi ya chungwa, lenye urefu wa mita 1.2 hadi 1.8, linakufanya uwe kitu kinachoonekana. Linakunjwa likaingia mfukoni. Ongeza filimbi na kioo kidogo. Kioo kielekeze jua kwenye boti, siyo angani. Filimbi ipige ukiona chombo, usimalize pumzi kwa bahari tupu. Maji ya chumvi usinywe.

Vitu hivyo vitatu vinunue wewe mwenyewe, dada. Vya kuazima kwenye kituo mara nyingi filimbi imeziba chumvi. Na hakikisha jina lako limo kwenye karatasi kabla ya kupanda. Mtaani tunamwita mzamiaji yule anayeingia harusini bila kadi. Baharini asiye na kadi hatolewi nje, anasahauliwa.

Nikizamia Jumapili asubuhi Zanzibar, naweza kuwahi treni ya jioni kurudi Dodoma? (Nkuhungu)

Usifanye hivyo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na nitrojeni, gesi ya hewa ya mtungi iliyobaki mwilini ambayo hufanya mapovu ukipanda juu mapema, haijali umepanda kwa ndege au kwa treni. Mwongozo unaotumiwa na wazamiaji kwa kupanda kwenye miinuko ya mita 600 hadi 2,400 ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya kupunguza shinikizo (kusimama njiani unapopanda kutoka chini), na saa 18 kama umezamia mara kadhaa au siku kadhaa. Mbizi zilizohitaji vituo husubiri zaidi ya hapo. Zamia Jumamosi, Jumapili lala ufukweni, rudi Jumatatu.

Kuna sababu nyingine. Wageni wanaowahi boti ya Dar na treni ndio wanaomsukuma nahodha aondoke upesi, na orodha husomwa haraka haraka siku hizo hizo. Ukifika Dodoma na maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo na umweleze daktari saa uliyotoka majini na kina ulichofika. Vyote viwili vimo kwenye karatasi ya boti; vipige picha kwa simu kabla hujashuka.