Danio maabarani Nairobi: pima maji na joto kabla ya kulaumu dawa

Anayeanza utafiti kwa danio, yule samaki pundamilia, huhangaikia jeni na hadubini. Majaribio mengi huharibikia kwingine kabisa: kwenye maji na joto.

Sifa za samaki huyu wengi mnazijua. Karibu asilimia 70 ya jeni za binadamu zina angalau jeni moja inayolingana nazo kwa danio. Jike mmoja akiwa na afya hutaga mayai zaidi ya mia asubuhi moja, na kiinitete chake ni angavu: baada ya siku moja hivi unauona moyo ukidunda bila kupasua chochote. Kwa maabara isiyo na pesa za kufuga panya, hiyo ni neema. Lakini neema hiyo ina masharti.

Maji ya mfereji Nairobi, mengi yakitoka Ndakaini na Sasumua, ni laini na yametiwa klorini. Ya visima vingi yana floraidi nyingi, kwa hiyo yaache. Njia ya uhakika ni kuchuja ya mfereji kwa osmosisi kinyume, yaani kuyasukuma kwenye utando unaozuia chumvi, kisha kurudisha chumvi ya bahari ya matangi mpaka kipimo cha upitishaji umeme kifike kati ya mikrosimensi 500 na 1,000 kwa sentimita, na kurekebisha pH kwa sodiamu baikabonati ibaki kati ya 7.0 na 7.5. Huna chujio? Ondoa klorini kwa sodiamu thiosalfeti, upime kabla ya kumwaga kwenye tangi. Tangi jipya nalo lipe wiki nne hadi sita ili bakteria wa kwenye kichujio wazoee kugeuza amonia kuwa nitriti, kisha naitreti. Ukijaza samaki wiki ya kwanza, utawakuta wakihema juu ya maji, na hakuna dawa ya kuwaokoa ila kubadilisha maji.

Sasa joto, maana hapa ndipo watu wanadanganyika. Ratiba nyingi za ukuaji mnazosoma zimepimwa kwa nyuzi 28.5. Meza ya maabara Nairobi mwezi wa Julai haikaribii hapo. Kwa nyuzi 25, hatua inayopaswa kufikiwa kwa saa 24 huchukua karibu saa 30. Sahani moja ya viinitete ikiwa ndani ya inkubeta (kabati la kutunza joto) na nyingine imesahaulika karibu na dirisha, utalinganisha viinitete vya umri tofauti na kusema dawa imechelewesha ukuaji. Haijachelewesha kitu, baridi ndiyo imechelewesha. Kwa hivyo usiandike saa peke yake kwenye daftari. Andika pia hatua uliyoiona kwa macho: hesabu vipingili vya misuli ya mgongoni, jozi 26 ikiwa ni hatua ya saa 22 kwa nyuzi 28.5. Kipimajoto nacho kiwekwe ndani ya sahani yenye maji. Joto la hewa ya inkubeta si joto la kiinitete.

Kuzalisha si kugumu. Jioni tenganisha dume na jike kwa kizuizi ndani ya tangi dogo lenye wavu chini, ili mayai yapenye wasiyale. Kila siku taa ziwake kwa muda wa saa 14 na kuzimwa kwa muda wa saa 10. Ratiba ya kuwasha saa tatu asubuhi na kuzima saa tano usiku inafaa, kwani unakuwapo kazini wanapotaga. Toa kizuizi taa zikiwaka. Kama unadunga mayai sindano, wahi: seli ya kwanza hugawanyika dakika 45 hivi baada ya urutubishaji. Weka mayai 50 hadi 60 kwa sahani ya sentimita 10, na mchana huohuo utoe yote yaliyogeuka meupe. Yai moja lililooza huleta ukungu unaoua majirani zake.

Katika kupima dawa, kosa la kila mara ni kusahau kikundi cha kulinganisha kilichowekewa kiyeyushi (kimiminika kilichoyeyusha dawa) peke yake. Ikiwa dawa imeyeyushwa kwa DMSO, sahani ya kulinganisha ipate kiwango hichohicho cha DMSO, na usizidi asilimia 1.

Danio wa duka la samaki wa mapambo ni rahisi kupata, lakini ukoo wao haujulikani, na huenda wamebeba mycobacteria. Ukinunua, watenge kabisa na vaa glavu: Mycobacterium marinum, jamaa wa kijidudu cha TB na inayotumika kwa danio kuchunguza TB, huingia kwenye mkato wa kidole na kuacha vidonda visivyopona upesi.

Stima ikipotea, pampu ya hewa ndiyo ya kuokolewa kwanza, hita baadaye. Kwa mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, maji ya nyuzi 28 hubeba oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko Mombasa, na tangi lililosongamana halina akiba. Nunua pampu ya betri kabla ya hita ya pili, na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kiwe mkononi kabla ya samaki wa kwanza.