Samaki Hana Sukari, Basi Yangu Ilitoka Wapi?

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Nimeacha nyama nyekundu, nakula samaki kila siku, sukari bado iko juu. Nakosea wapi?" Nilicheka, kisha kicheko kikakatika, maana ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi.

Nilipoambiwa nina kisukari cha aina ya 2 nilijiona mjanja. Nilishasoma kwamba samaki hana wanga, basi nikawala miezi mitatu kama nimeajiriwa kuwamaliza baharini. Nikarudi kupima HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, nimevaa vizuri, tayari kupongezwa. Mara ya kwanza kilisoma asilimia 7.6, sasa kimepanda hadi 8.3. Muuguzi akanitazama, akauliza, "Unafuata masharti kweli?" Hilo "kweli" linaniuma mpaka leo.

Nilifuata! Ila hakuna aliyeniuliza samaki nampikaje. Nilikuwa namzamisha kwenye rojo la unga wa ngano, namkaanga akielea, namlaza juu ya chipsi, namwagia sosi tamu. Siku za kujipongeza nilikula vile vijiti vinavyoitwa nyama ya kaa, hadi niliposoma pakiti: samaki wa kusaga, wanga, sukari. Kaa alikuwamo kwa jina na rangi.

Siku hizi namchoma, namchemsha au namwoka kwa ndimu na kitunguu saumu. Nusu ya sahani ni mboga za majani, robo samaki, robo wanga. Angalau mara mbili kwa wiki nachagua samaki wenye mafuta: sadini, vibua, samoni. Hawashushi sukari, tusidanganyane. Nawala kwa ajili ya moyo, kwa kuwa kisukari huandamana sana na maradhi ya moyo, na mafuta yao yana omega-3, aina ya mafuta yanayoufaa moyo. Wa kopo pia wanafaa, ila tazama chumvi, maana wengi wetu tunaugua presha pia. Kamba siwaogopi, naogopa siagi wanayokaangiwa. Papa na nduaro nawapita kwa sababu ya zebaki. Chaza mbichi sigusi kabisa: wanaweza kubeba bakteria aina ya Vibrio, na sisi wenye kisukari wakituingia hali huwa mbaya zaidi.

Ndugu zangu, soma pakiti. Nasema tena, soma pakiti! Mtu anamlaumu samaki wakati mkosaji ni unga aliompaka kwa mikono yake mwenyewe.

Na kama unatumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, usikate wanga ghafla bila kuongea na daktari. Mimi nilikata, nikajikuta natetemeka jikoni, samaki mkononi, nikitafuta juisi. Mwenye tatizo la figo naye aulize kwanza kiasi cha protini anachoruhusiwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, niambie kwanza: unampikaje?

Kipimo changu kilichofuata kilisoma 6.9. Nilikwenda nacho hadi dirishani, nikakuta yule muuguzi siku hiyo hayuko zamu.