Jibu: EDGE imekwama kwenye asilimia 17 ya nishati

Habari za leo, ndugu. Nimeelewa kwamba unatafuta EDGE, cheti cha majengo ya kijani kinachodai uokoe angalau asilimia 20 katika kila eneo: nishati, maji na vifaa vya ujenzi. Jengo lako la ghorofa Dar es Salaam limevuka asilimia 20 katika maji na vifaa vya ujenzi, ila nishati imegoma kwenye 17, nawe unawaza kuhamia LEED, cheti cha aina hiyo cha Wamarekani. Usihame kwanza.

Kabla ya kununua chochote, kagua uwiano wa vioo na kuta ulioujaza kwenye programu ya EDGE ya kukokotoa akiba. Katika mradi niliousaidia, msanifu alikwisha kupunguza madirisha ya upande wa magharibi, lakini sisi tuliendelea kutumia vipimo vya mchoro wa zamani, tukahangaika bure kwa wiki mbili.

Jambo la pili huwashangaza wengi: hata usipofunga viyoyozi, EDGE hukadiria nishati ambayo ingehitajika kuwapoza wakazi na kuiingiza kwenye hesabu, ndiyo maana vivuli vya madirisha, feni za dari na rangi nyeupe juu ya paa husaidia. Paneli za sola ziache mwisho.

LEED hukusanya alama, na cheti cha chini huanzia alama 40, hivyo udhaifu wa eneo moja hufidiwa kwa kiasi na jingine. EDGE haina huruma hiyo. Hata hivyo, LEED sijaisimamia mwenyewe, kwa hiyo gharama zake waulize waliozilipa.

Tunza pia stakabadhi na picha za kila kifaa kinachofungwa, kwa kuwa mkaguzi atazidai ujenzi ukikamilika.