Ndege wa mipaina: kaa ukingoni, usikimbilie katikati

Mtu wa Mwanza akitaka kuangalia ndege hana haja ya kwenda mbali. Furukombe wapo Capri Point, mdiria weusi kwa weupe wanaelea hewani juu ya maji kabla ya kujitupa kwenye dagaa, na Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, kinafikika kwa safari fupi ya boti kutoka mjini. Huko kote nakwenda na nitaendelea kwenda. Ila pananivuta zaidi mahali ambapo wengi hawapafikirii kabisa: mashamba ya miti ya Buhindi upande wa Buchosa, na Rubya kule Ukerewe, pale mipaina inapokutana na nyasi, vichaka na matete ya ziwa.

Wanaokwenda mara ya kwanza hurudi wamenuna. Wamezunguka asubuhi nzima chini ya miti mirefu, wameona njiwa wawili, basi. Tatizo ni mahali walipozungukia.

Mpaina si mti wa huku. Kusini mwa Sahara hakuna aina hata moja ya paina iliyoota yenyewe tangu asili. Inayopandwa sana kwenye maeneo yetu ya joto ilitoka Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Kule Uskoti, ambako misonobari, yaani mipaina ya huko, ni miti ya asili, yupo ndege ambaye ncha za mdomo wake zimepishana. Anaupenyeza kati ya magamba ya koni, lile tunda gumu linalobeba mbegu za mpaina, anayabandua, kisha anachomoa mbegu kwa ulimi. Amezaliwa na kifaa cha kazi hiyo. Ndege wetu hawana mdomo wa namna hiyo, kwa hiyo koni zimejaa juu na walaji hakuna. Chini nako sindano zilizokauka, yaani majani ya mpaina, zimefunika ardhi, nyasi hazioti vizuri, wadudu ni wachache. Ndege atafuata nini hapo? Atalala, atajenga kiota, lakini chakula atakitafuta nje.

Ndiyo maana nasema kaa ukingoni. Tafuta mahali ambapo mstari wa mwisho wa mipaina unatazamana na mbuga au kichaka cha asili, jua likiwa mgongoni kwako, ukae chini na utulie. Nusu saa ya kwanza inaweza kupita bila kitu. Vumilia. Shorewanda ndiye huanza kurudi kuzungumza, kisha kuzumburu wanavuka mmoja mmoja, mkia mrefu ukiburuzika nyuma, kisha chozi kwenye maua ya vichakani. Wewe ukitulia, wao wanaendelea na shughuli zao.

Na huo ukingo una mwenyewe: tai mweusi mwenye kishungi kirefu kichwani. Anapenda mno mahali pa namna hii, mti mrefu wa kukaa na nyasi mbichi mbele yake zenye panya. Nimemtazama mmoja juu ya tawi kavu, kishungi kikilazwa upande kila upepo ulipoingia kutoka ziwani. Macho ya njano, mwili hautikisiki, ni kichwa tu kinachogeuka polepole kufuata majani yanapocheza. Akajiachia bila haraka, miguu mbele, akazama kwenye nyasi, na alipoinuka mabawa yalionyesha yale mabaka meupe ambayo humwoni nayo akiwa ametulia. Panya alikuwa kwenye kucha. Kwa tukio kama hilo mimi nasafiri.

Nyasi zenyewe zisikilize kabla hujaziangalia. Kipozamataza hukaa juu ya kichuguu na kupiga mbinja ileile tena na tena. Yupo pia ndugu yake ambaye hupanda juu sana hadi humwoni na kutoa mlio kwa kupiga mabawa, si kwa koo. Dudumizi utamjua hata kama hajatoka kichakani: sauti yake inashuka glu-glu-glu kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. Wazee wengi watakwambia anaita mvua.

Msimu ninaoupenda ni kuanzia Oktoba au Novemba, vuli inapoingia. Minana wanavaa njano yao na kuanza kusuka viota kwenye matete, na wageni wa kaskazini wanakuwa wamefika. Miongoni mwao yupo kandege kadogo ka kijani hafifu kenye uzito wa gramu 10 hivi, kalikoanguliwa kwenye vichaka vya Ulaya ya kaskazini. Kanakula wadudu kwenye migunga yetu hadi karibu na Aprili, kisha kanarudi. Juu ya mbuga nako angalia mwewe wembamba wenye mabawa marefu wanaopita chinichini wakipekua nyasi. Nao wengine wanatoka mbali, hadi Urusi na Kazakhstan.

Darubini nunua ya 8x42. Inakuza mara 8, na kioo cha mbele cha milimita 42 kinaingiza mwanga wa kutosha kwenye kivuli cha mipaina. Ya kukuza mara 10 au 12 inatikisika mkononi, hasa ukiwa umepanda kilima unahema. Vaa nguo za rangi ya udongo au kijani kilichofifia, lakini mabaka ya kijeshi usiyaguse. Raia haruhusiwi kuyavaa nchini, na mtu mwenye darubini anayevaa hivyo anajitafutia maswali.

Kabla ya kuingia, pitia ofisi ya shamba ukaombe ruhusa na uulize wanakata miti upande gani, ili usikae karibu na magogo yanayoangushwa. Kijijini msalimie mwenyekiti, shikamoo yake, umweleze umefuata nini, na darubini mpe achungulie. Nimepata ndege wengi kwa njia hiyo kuliko kwa kitabu, maana mzee akishaona unajali atakwambia, "Nenda kule kwenye kisima, mjukuu wangu, asubuhi wanajaa." Kiangazi, usiwashe moto wala sigara, sindano zile zikishika hazizimiki kirahisi. Na ukifuata matete, maji usiyaingie. Kuna kichocho, na viboko na mamba hawabishi hodi.

Ninachowaomba wanaohusika na mashamba haya ni kuacha ule ukanda wa kichaka cha asili kati ya mipaina na ziwa. Ukifyekwa ili kupata mistari michache zaidi ya miti, tai anakosa mawindo, minana wanakosa majani ya kusukia, na panya wanahamia kwenye mahindi ya watu. Bundi naye aachwe. Kupigwa mawe kwa sababu ya uchuro kunaniumiza sana, wakati kila usiku anakamata panya walewale wanaotoboa magunia.

Kutoka Mwanza kwenda Buhindi unaweza kuvuka kwa kivuko cha Kamanga, au kupita daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kisha Sengerema na kuendelea hadi Nyehunge. Lala karibu, kwa sababu ukiamkia mjini utafika jua limeshapanda. Ukingoni unatakiwa uwe umekaa kabla ya saa 1 asubuhi. Jioni ukirudi kwa bodaboda, mwombe dereva apunguze mwendo kwenye njia za vumbi. Kirukanjia, yule ndege wa usiku, hutua hapohapo katikati ya barabara, rangi yake ni ya udongo mtupu, na kinachoonekana ni macho tu yaking'aa kwenye taa.